Uzi wa Machi kwenye Mguu wa Profira

1 Machi 1985, Ijumaa

Barafu bado haijaachia ziwa. Asubuhi wapishi wametugawia nyuzi za Machi, nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, za kuvaa mwezi mzima kwa bahati. Sisi wote tumefunga mkononi kama watu wenye akili. Profira amefunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, eti mkononi utamkera akishika kasia. Wangu amenifunga yeye, akasema hakazi sana kwa kuwa mkono wangu ni wa kuku.

Nimeamua kuandika msimu huu wote, maana nikizeeka hakuna atakayeniamini. Mimi ni Ruxandra, mshika usukani wa boti ya wanane ya klabu yetu. Wenzangu wanane ni majitu, mfupi wao ananipita kichwa na shingo. Wao wanapiga kasia wakiwa wamegeuzia mgongo kule tuendako. Mimi peke yangu naona mbele, nikiwa nimekaa nyuma kabisa na sauti yangu na kilo zangu arobaini na nne. Profira ndiye anayekaa mkabala nami. Mwendo anautoa yeye, wengine saba wanamfuata. Uso wake uko hatua moja kutoka usoni pangu, na nyayo zake, zilizofungwa kwenye viatu vilivyokazwa kwa skrubu ndani ya boti, ziko karibu na mapaja yangu.

Tumetoka kijiji kimoja, kaskazini, upande wa Botoșani. Wapimaji walipokuja kutafuta wasichana warefu, mama yake alikataa asiende peke yake, nikasindikizwa mimi. Kocha aliponiona alicheka, akasema huyu naye tutampakia nyuma. Ndiyo nimepakiwa mpaka leo.

4 Machi

Ukumbi hauna umeme. Tumevuta mashine za mazoezi ya kasia gizani, na mvuke wa pumzi zetu ukigonga kuta.

7 Machi

Ndugu kocha Grigoraș ametukusanya kwenye bwalo la chakula, chini ya zile picha: Nadia wa mazoezi ya viungo na alama zake kumi za Montreal, Iolanda Balaș akiruka juu ya ufito, na Patzaichin kwenye mtumbwi wake. Ametukumbusha kwamba mwaka jana dada zetu walirudi kutoka Los Angeles na dhahabu karibu kila boti, ila boti ya wanane ilipata fedha. Mwaka huu wakubwa wa mchezo wameongeza masafa ya wanawake, kutoka mita elfu moja hadi elfu mbili. Mazoezi yataongezwa maradufu. Tarehe nne Agosti ni mashindano ya taifa, na boti itakayoshinda ndiyo itakayopanda ndege kwenda kwenye mashindano ya dunia.

Kisha kisa kile kile cha kila mwaka: jinsi kasia lilivyomvunjikia Patzaichin kule Munich kwenye mchujo, akafika mwisho kwa kipande kilichobaki, na bado akarudi nyumbani na dhahabu. Tunakijua kwa moyo kama Baba Yetu. Profira alikuwa akifuatisha maneno kwa midomo, nami nikajiuma nisicheke.

19 Machi

Barafu imevunjika. Tumeingia majini. Asubuhi kilomita kumi na nane, jioni kumi na nne.

31 Machi

Mwisho wa mwezi, siku ya kuvua nyuzi na kuzifunga kwenye mti wa matunda ili mwaka uwe mwema. Nyuma ya jiko kuna mwaprikoti mmoja, tukapanga foleni kama ya mafuta ya kupikia. Profira amegoma. Anasema hatauvua mpaka tuchaguliwe, kwa kuwa bahati ukiivua mapema inaondoka na upepo. Nimemwambia kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na uzi wa Machi ukivaliwa Aprili ni mkosi.

"Mkosi ni kiwanda cha uzi, mfupi wangu," akanijibu. "Zamu tatu, mavumbi ya pamba mpaka ndani ya mate. Huo ndio uzi ninaouogopa mimi."

Ndiko alikokuwa kabla ya boti, na ndiko atakakorudi akitolewa. Waliopanda ndege mwaka jana walipewa nyumba za vyumba viwili mjini, zenye maji ya bomba. Mama yake, Mama Casandra, ana vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi na bado anachota maji kisimani. Profira haoni dhahabu akifumba macho, anaona bomba.

14 Aprili, Pasaka

Tumepewa siku mbili za kwenda nyumbani. Kila mmoja amebeba nyama yake ya kambini ndani ya taulo, tumeacha kuila tangu Jumatano ili tuipeleke. Mama Casandra aliipokea akaigeuza geuza kama mtoto mchanga. Tuligonganisha mayai mekundu ya Pasaka, kila mtu na lake. Yai la Profira lilivunja mayai ya nyumba nzima, likabaki zima, akalizungusha juu ya vichwa vyetu akitucheka.

Jioni alienda kuchota maji ili mama apumzike. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliinama, akashika ndoo, na hakuinuka. Alibaki pale ameinama, mikono magotini, muda wa kutosha mimi kula kipande kizima cha mkate mtamu. Halafu akainuka, akaja na ndoo huku akiimba. Nilimuuliza, akasema mgongo umekumbuka mashine.

22 Aprili

Asubuhi kumi na nane, jioni kumi na nne. Upepo.

2 Mei

Kuna kitu nimekiona na natamani nisingekiona. Kasia likivutwa, mguu unasukuma, kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Nimeviangalia visigino vya Profira miaka mitatu, viwili pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Leo cha kulia kinapanda, cha kushoto kimelala. Mguu wa kushoto unafuata tu. Kazi yote anaifanya kwa mgongo.

Hakuna mwingine anayeweza kuuona mguu ule. Kocha yuko kwenye boti yake ya injini, anaona makasia na vichwa. Wenzake wako nyuma yake. Ni mimi tu.

9 Mei

Nimembana bafuni. Amekiri kwamba tangu Pasaka kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekufa ganzi, na sasa ganzi imepanda mpaka katikati ya unyayo. Amecheka, eti afadhali, kidole kimoja kisichosikia baridi.

Nikatunga kipimo. Uzi wake wa Machi nimeuvuta kutoka kifundoni nikaufunga kwenye kidole gumba. Anafumba macho, mimi navuta, yeye anasema "nahisi." Leo nimevuta mara sita, akahisi nne. Ameniapisha kwa msalaba wa mama yangu aliyekufa kwamba sitasema kwa mtu.

"Siku nitakayoshindwa kuhisi hata mara moja, nitakwenda mwenyewe kwa Grigoraș," alisema. "Mpaka siku hiyo funga mdomo. Unajua kuufungua tu upige kelele, jifunze na kuufunga."

Nikaapa. Nilijiona mtu wa maana, nimebeba siri ya jitu.

20 Mei

Daktari wa klabu amempiga sindano mgongoni. Hakumvua hata viatu kumtazama miguu. Alimuuliza inauma wapi, akachoma hapo, akaita anayefuata. Uzi: mara sita, tano. Tumefurahi kama wajinga. Profira amekula supu yake yote, na nusu ya yangu nimempa pia.

3 Juni

Mvua. Kumi na nane, kumi na nne.

4 Juni

Mvua. Kumi na nane, kumi na nne. Profira ametapika kandokando ya gati, akasema ni maziwa.

8 Juni

Sasa niandike kuhusu Minodora. Ni mpiga kasia wa akiba, anakaa gatini na koti lake akisubiri mmoja wetu avunjike. Nimemchukia tangu majira ya baridi. Ana macho ya kunguru, hayatoki kwa Profira akipanda, hayatoki akishuka. Leo alinisimamisha kwenye banda la boti, akaniuliza kwa nini rafiki yangu anashuka ngazi kwa kuanzia mguu wa kulia kila siku. Nilimwambia aangalie ngazi zake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Ruxandra," akasema.

Nikamjibu kwamba anayengoja kiti cha mwenzake na amngojee pia kaburini. Akaondoka zake. Nilijisifu kwa jibu hilo kutwa nzima.

17 Juni

Uzi: mara sita, tatu.

30 Juni

Joto. Mbu. Kumi na nane, kumi na nne. Tumeshinda mbio za majaribio kwa urefu wa boti moja na nusu, na Grigoraș amembusu Profira kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Usiku sindano nyingine.

12 Julai

Uzi: mara sita, sita. Nilishangilia. Kisha nikalala nikiwaza. Alikuwa amelala kitandani, mimi nimekaa miguuni pake, dirisha likiwa nyuma yangu, kivuli changu ukutani kwenye upande wake. Kila bega langu liliposogea, alisema "nahisi." Macho aliyafumba, lakini mtu anaweza kufumba macho na kuacha ufa.

Nimejiambia ninamsingizia. Nimejiambia hivyo mara kadhaa.

16 Julai

Leo alijikata kidole kile cha kushoto kwenye ubao wa gati. Damu ilimwagika ndani ya boti, ikachanganyika na maji karibu na nyayo zangu, naye akaendelea kupiga kasia huku akilalamika kwamba nanyamaza kwa nini, nihesabu. Hakujua kwamba ametoka damu mpaka nilipomwonyesha.

Nikamwambia ile siku imefika. Atimize ahadi yake. Akasema zimebaki wiki mbili na siku chache, kisha daktari atampasua, atalala majira yote ya baridi mama akimletea chai kutoka kwenye bomba lake mwenyewe. Akasema maneno haya akinishika mashavu kwa mikono yake miwili yenye magamba, kama anavyomshika ndama.

27 Julai

Nimekwenda. Nimevunja kiapo, au nimejaribu. Nilimkuta Grigoraș kwenye chumba chake, saa yake ya kupimia mwendo iko mezani kando ya sahani ya ugali na jibini. Nikamwambia nina jambo kuhusu Profira. Akaacha kutafuna.

Akaniuliza, je, ni jambo ambalo Profira mwenyewe amenituma kulisema? Nikasema hapana. Akasogeza sahani. Akasema kwa upole kwamba boti ni watu tisa na mwili mmoja, na usukani hauwezi kusema mguu wa boti haufai siku nane kabla ya mbio, isipokuwa kama una hakika. "Una hakika, Ruxandra?"

Nikaona Profira kwenye mashine ya kusokota. Nikaona Mama Casandra na ndoo. Nikajiona mimi pia, nisifiche, nikiwa na Minodora usoni mwangu na boti ikiwa ya tatu, na mimi nikirudi kuuza maziwa. Nikasema amechoka tu, nilitaka kuomba apumzike siku moja.

"Apumzike Jumanne asubuhi," akasema, akavuta sahani.

Nilipomsimulia Profira, hakukasirika. Alitazama ile picha ya Patzaichin bwaloni. "Yeye lilivunjika kasia," akasema. "Kasia unapewa jingine."

3 Agosti

Nimepimwa, kilo arobaini na tatu na nusu. Nitabeba mfuko wa mchanga wa kilo moja na nusu, ili nifikie arobaini na tano za sheria. Tumekunywa chai. Hakuna uzi leo, hakuna aliyetaja uzi.

4 Agosti, Jumapili

Niandike yote, hata kama mkono unakataa.

Maji yalikuwa shwari, jua kali, watu wamejaa ukingoni na mbegu zao za alizeti. Boti sita. Profira alibebwa begani na Minodora mpaka kwenye gati. Mimi niliona ni kejeli, sasa sijui tena nilichokiona. Mguu wa kushoto niliuingiza mimi kwenye kiatu, nikafunga kamba. Ulikuwa mzito na wa uvuguvugu, kama mkate usioiva. Uzi wa Machi ulikuwa bado kifundoni, umechakaa, nyeupe imekuwa ya kijivu.

Mita mia tano za kwanza tulikuwa wa nne. Mita elfu moja, mahali ambapo mwaka jana mbio zingekuwa zimekwisha, tulikuwa wa pili. Kama wasingeongeza masafa ningekuwa ninaandika mambo mengine leo. Nilikuwa nahesabu na kumtazama usoni. Alikuwa mweupe, si mweupe wa uchovu ninaoujua. Midomo ilikuwa na rangi ya ule uzi.

Tulipofikia mita mia tano za mwisho, boti ya klabu ya jeshi ilikuwa mbele yetu kwa urefu wa viti viwili. Tuna wito wetu wa pale. Mimi napiga kelele "kumi za miguu," na wote wanasukuma mara kumi kwa nguvu zote zilizobaki, Profira kwanza. Nikiita, anatoa. Hajawahi kutotoa tangu nimjue. Nilijua kwamba miguu hana, atatoa mgongo. Nilikuwa na muda wa kulijua hilo, mapigo mawili ya kasia, labda matatu. Alinikazia macho. Sikumwona akisema ndiyo wala hapana, alikuwa anangoja tu sauti yangu.

Nikaita.

Kwenye pigo la saba nilisikia kitu. Wengine wanasema ni kasia kwenye ubao. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeamshwa, na bado akapiga la nane, na la tisa, na la kumi. Tukawapita jeshi. Tukafika mwisho tukiwa wa kwanza kwa nusu mita.

Desturi ni kwamba boti ikishinda mshika usukani anatupwa majini. Kila mwaka ni Profira anayenishika mikono na mwingine miguu, wanahesabu tatu. Wasichana walishuka gatini wakilia na kukumbatiana, wakanigeukia. Mimi sikutoka kwenye kiti changu. Profira naye hakutoka kwenye chake. Alikuwa amekaa wima na mikono yake miwili juu ya mapaja, akiyasukuma sukuma kama mtu anayeamsha wageni.

"Nifungue viatu, mfupi," alisema. "Viatu vimekaza."

Nilikuwa nimeshavifungua.

5 Agosti

Wamempasua jana hiyo hiyo mjini. Hawajatuambia kitu. Mimi nilikwenda kwa Grigoraș nikamtupia yote, kidole, uzi, damu, kiapo. Nilitaka anipige. Uso ulimshuka, mzee kuliko juzi.

Akasema alijua. Minodora alikuja kwake mwezi wa Juni, akilia, akasema yule dada anauburuta mguu, mtoeni, na mimi msiniweke kwenye kiti chake, wekeni yeyote mwingine. Grigoraș alimwita daktari, daktari akasema ni mshipa, utapoa.

"Sikutulia," akasema. "Lakini nilijiambia, yuko Ruxandra. Anauona ule mguu kila siku, wanapendana kama ndugu. Ikiwa mbaya kweli, Ruxandra atakuja kusema. Ulipokuja siku ile nilikuuliza kama una hakika. Nilikutegemea wewe."

Nilitoka nje. Minodora alikuwa kwenye banda anakausha boti yetu kwa kitambaa, ndani, pale penye viatu. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la kaburini. Badala yake nilichukua kitambaa kingine nikamsaidia.

12 Agosti

Tumechaguliwa. Tarehe ishirini tunaruka. Wamemweka Minodora kwenye kiti cha mbele yangu. Visigino vyake vinapanda vyote viwili. Kumi na nane, kumi na nne.

17 Agosti

Nimeruhusiwa kwenda hospitali. Wodi ya vitanda kumi, Profira miguu imepita mwisho wa kitanda, wameongezea kiti kwa ajili yake. Mama Casandra amefika kwa treni na bakuli la kabichi zilizofungwa nyama, nyama sijui ameitoa wapi. Klabu imemtumia ujumbe kwamba suala la nyumba litaangaliwa kwa wale watakaorudi na medali.

Profira alinitania kwamba nimekonda, kwamba Minodora hanilishi supu. Akauliza maji yakoje. Kisha akasema, "Jaribu uzi."

Manesi walikuwa wamemwachia, sijui kwa nini. Mama alipouona alijishika kifua. Mwezi wa nane na uzi wa Machi bado uko mguuni, ndiyo maana, ndiyo maana, mkosi mtupu, alisema, akatamani kuukata pale pale. Profira akamzuia. Akamwambia mama amfunike macho kwa kiganja, asije mtu akasema anachungulia. Nilijua kwa maneno hayo nilikuwa nikisemwa mimi. Alijua kwamba nilijua, tangu Julai.

Nikaufungua kifundoni, nikaufunga kwenye kidole gumba chenye kovu. Mama Casandra akaweka vidole vyake vilivyopinda juu ya macho ya mwanawe, akaanza kuomba chini chini. Wanawake wa wodi nzima wakajiinua kwenye mito.

Nilishika ncha ya uzi. Mkono haukutaka. Nilibaki nimeushika umelegea, nikitafuta ujasiri wa kuvuta.

"Nahisi," Profira akasema. "Mama, nimehisi. Umevuta, si ndiyo, mfupi?"

Mama Casandra alinitazama, machozi yamejaa, akingoja sauti yangu.

Nikasema ndiyo, nimevuta.